Sura ya Sita: Nimalize Kwanza, au Nitafute Kazi Kwanza?

Kati ya maswali ambayo vijana waliosoma huuliza Kitui, hili hurudi kuliko mengine yote: nimalize kwanza shahada ya uzamili, au nitafute kazi kwanza? Anayeuliza huwa tayari ameshafika mbali. Shahada ya kwanza anayo. Masomo ya darasani ya uzamili, ile shahada ya pili, ameyapita. Kilichobaki ni tasnifu, andiko refu la utafiti ambalo bila hilo cheti hakitoki. Karo ya muhula ujao haijulikani itatoka wapi, na nyumbani Mutomo au Zombe yuko mdogo wake anayesubiri zamu yake ya kusomeshwa.

Majibu anayopewa ni mawili. Wazazi, hasa waliokuwa walimu, humwambia amalize alichoanza. Wenzake wa kijiweni humwambia shahada haziliwi. Mimi naona pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo ambalo si kweli: kwamba masomo na kazi vimepanga foleni, kimoja kikitoka ndipo kingine kiingie. Ukweli ni kwamba vyote viwili vinakungojesha, kila kimoja kwa wakati wake, na hakuna kinachojali habari za mwenzake. Basi la kupanga si kipi kitangulie, bali namna ya kuishi huku unangoja.

Kalenda tatu zisizo zako

Ya kwanza ni ya chuo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho watu hukiita SEKU, kiko Kwa Vonza. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kilipopewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina kampasi Kwa Vonza. Kwa hiyo mtu wa Kitui leo anaweza kusoma uzamili bila kuhamia Nairobi, jambo ambalo wajomba zake hawakuwa nalo. Lakini chuo kuwa karibu hakufupishi njia ya tasnifu. Unaandika pendekezo la utafiti, yaani maelezo ya unachotaka kuchunguza na jinsi utakavyokichunguza, kisha unalitetea mbele ya idara. Unaomba leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ile inayojulikana kama NACOSTI. Unakwenda nyanjani, unarudi na madaftari, unaandika. Msimamizi wako anasoma, naye ana wanafunzi wengine, ana mitihani ya kusahihisha, na mara nyingine yuko kwenye mgomo. Wanafuata watahini, marekebisho, na mahafali yenye tarehe zake.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliongeza kidato kimoja katika ngazi hiyo: mwanafunzi wa uzamili awe amechapisha angalau makala moja katika jarida linalokaguliwa na wataalamu, na wa uzamifu, yaani shahada ya udaktari, makala mbili. Jarida la maana huweza kukaa na makala yako miezi mingi. Jarida la ulaghai litakuchapishia wiki ijayo mradi utume pesa. Ukiona limekukubalia bila kukuuliza hata swali moja, achana nalo, maana makala hiyo itakufuata kila utakapoomba kazi ya usomi.

Ya pili ni kalenda ya waajiri. Matangazo ya kazi za serikali huchapishwa katika gazeti la MyGov linalotoka Jumanne. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hutangaza nafasi bajeti ikiruhusu, na mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai mosi. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, hutangaza kwa awamu. Baina ya siku unayotuma maombi na siku unayoitwa kuna kimya, na kimya hicho hakimaanishi ndiyo wala hapana. Wengi hukitafsiri kuwa wamekataliwa, wakaacha kuomba.

Ya tatu ni ya mvua. Anayesoma akiishi nyumbani Kitui au Makueni hawezi kuidharau, kwa sababu ndiyo inayoamua kama atanunua chakula au la. Mvua ya kutegemewa Ukambani si ile ya Machi. Ni ya Oktoba hadi Desemba, inayoitwa nthwa, nayo ni fupi. Ndiyo maana wakulima wengi hupanda udongo ukiwa bado mkavu. Anayesubiri tone la kwanza ndipo atafute mbegu huwa ameshapoteza siku ambazo hazirudi. Maombi ya kazi nayo yapandwe hivyo. Anayesubiri mahafali ndipo aanze kuomba atakaa mwaka mzima mkono mtupu, wakati angeweza kuandika kwenye wasifu wake kwamba yuko katika hatua ya tasnifu na anatarajia kumaliza mwezi fulani.

Kwa ufupi: msimamizi, mwajiri na mawingu hawapangwi na wewe. Kinachopangika ni wiki.

Wiki moja mjini Kitui

Tuchukue mwanafunzi wa mfano. Ana miaka 29. Amepanga chumba kimoja karibu na soko la Kalundu. Anafundisha biolojia katika shule ya kutwa kama mwalimu wa BOM, yaani ameajiriwa na bodi ya shule, si na TSC, na mshahara wake hutegemea wazazi wamelipa nini mwezi huo. Tasnifu yake inahusu uhifadhi wa ndengu baada ya kuvunwa.

Kosa la kwanza ambalo mtu kama huyu hushawishika kulifanya ni kuchanganya kila kitu kila siku. Asubuhi anafungua simu, anakuta tangazo, anaanza kusaka vyeti, darasa linamfikia, jioni amechoka, tasnifu haijaguswa. Baada ya miezi mitatu ya hivyo atakwambia amekuwa akifanya kazi usiku na mchana, na atakuwa anasema kweli, ila hakuna alichomaliza.

Wiki inayofaa ina mipaka. Kuandika kunapewa saa moja na nusu alfajiri, kabla jirani hajawasha redio, siku nne kwa wiki. Si nyingi, lakini mtu akiandika ukurasa mmoja kila alfajiri, mwisho wa mwezi ana sura. Kusaka kazi kunapewa Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi: Jumanne kusoma matangazo na kuchagua mawili au matatu yanayomfaa, Jumamosi kwenda saiba kupiga chapa, kuskani na kutuma. Siku nyingine hatazami matangazo kabisa. Tangazo la serikali hukaa wazi siku kadhaa. Halitatoroka kati ya Jumatano na Jumamosi.

Jumapili ni ya kanisa na chama. Msomi akibanwa hujiondoa katika chama kwanza, na mimi huona hapo anakata mkono unaomlisha. Chama cha akina mama kumi wanaochangiana kila mwezi ndicho kitakachomlipia kuchapa na kujalidi nakala za tasnifu siku zamu yake itakapofika. Tena ni humo humo ambamo mtu husema, "Kule kwetu hospitalini wanatafuta mtu wa takwimu."

Halafu kuna msimamizi. Wanafunzi wengi humwogopa, wakanyamaza, naye akawasahau. Ujumbe mfupi kila wiki mbili unatosha:

"Habari za asubuhi, Daktari. Nilituma sura ya tatu Jumatatu. Naomba kujua kama naweza kupita ofisini Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa sasa naendelea na sura ya nne."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Inamwonyesha kwamba humngoji umekaa, na mtu mwenye shughuli nyingi humsaidia kwanza yule anayesonga.

Kibarua kinachokulisha na kibarua kinachokula

Hakuna anayemaliza tasnifu kwa njaa, kwa hiyo kibarua ni lazima. Lakini kuna kinachokuacha na nguvu na jina, na kuna kinachokuvuna ukabaki mabua.

Ualimu wa BOM huacha alasiri na likizo, na anayesomea ualimu hupata uzoefu wa kuandika kwenye wasifu. Ubaya wake ni kwamba huzoeleka. Nimekutana na watu ambao walisema "muhula mmoja tu", na shule ikawageuza nguzo zake bila kuwapa barua. Ukikubali kazi hiyo, omba barua siku ya kwanza, yenye tarehe na somo unalofundisha.

Kukusanya data kwa mashirika na watafiti ni bora zaidi kwa mwanafunzi wa uzamili, hata kama ni siku kumi tu. Unajua kuuliza maswali bila kumwelekeza anayejibu, unajua Kikamba, unajua njia ya Kyuso na ya Mutitu. Hayo matatu kwa pamoja si rahisi kuyapata kwa mtu anayetoka Nairobi na gari la kukodi. Sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, ilifanywa na vijana walioajiriwa kwa muda, wengi wakihesabu vijiji vyao wenyewe. Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 nao utahitaji makarani wa vituo. Ni pesa ya siku chache, lakini barua ya shukrani inabaki.

Kuna kibarua kimoja ambacho watu hawapendi kukitaja mbele ya wazazi: kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na tasnifu zao kupitia intaneti. Kenya imejulikana duniani kwa biashara hiyo, na imelipia watu wengi kodi ya nyumba. Sitamhukumu aliyelala njaa. Ila tazama hesabu yake. Unatumia akili yako bora ya usiku kumalizia mgeni shahada yake, na yako inalala. Kazi hiyo huwezi kuitaja kwa mwajiri yeyote. Na tangu programu za kuandika kwa akili bandia zilipoenea mwishoni mwa 2022, bei zake zimeporomoka. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, unaofundisha vijana kazi halali za mtandaoni kama kunakili sauti kuwa maandishi, hauna malipo makubwa, lakini kazi zake unaweza kuzitaja mchana.

Makaratasi

Sehemu hii inachosha, basi tuipite haraka. Ofisi za umma Kenya zimezoea kudai vyeti vya uadilifu vinavyotokana na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na maadili. Vya kawaida ni hivi:

– cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho ada yake imekuwa shilingi 1,050, huombwa kupitia eCitizen na alama za vidole huchukuliwa katika vituo kama Huduma Centre ya Kitui;
– cheti cha Mamlaka ya Ushuru kuonyesha hudaiwi kodi;
– cheti cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB;
– fomu ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi;
– ripoti ya ofisi ya kumbukumbu za mikopo, inayoonyesha kama una deni ulilokataa kulipa benki au kwenye simu.

Wengi hawajui kwamba sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri hatakiwi kudai vyeti hivi kabla hajakusudia kukupa mkataba. Tangazo likiviomba mwanzoni, ni juu yako kuamua kama utagharimika. Linaloomba "ada ya usajili" kwa M-Pesa halina haja ya kufikiriwa, kwani TSC na Tume ya Utumishi wa Umma hawatozi mtu kuomba kazi.

HELB inastahili neno lake. Marejesho ya mkopo wa shahada ya kwanza huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza, na kutolipa huleta faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kuwa mwanafunzi wa uzamili hakuifuti. Zungumza nao mapema, kabla faini haijalizidi deni lenyewe.

Je, ni dhambi kuficha shahada ya pili unapoomba kazi ya cheo cha chini? Wanaoniuliza hili wanaogopa kuambiwa wamesoma kupita kiasi. Kutotaja si kughushi. Mwajiri wa duka la pembejeo hakuuliza kuhusu tasnifu yako. Kuongeza ulichokosa ndilo kosa la jinai, na siku hizi hukaguliwa: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba zaidi ya watumishi 2,000 walikutwa na vyeti bandia. Uzamili ambao haujakamilika uandike ulivyo, "unaendelea", na hatua uliyofikia.

Tasnifu iwe mguu wako wa kwanza kazini

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kitui ana nafasi ambayo haitumii vya kutosha. Ukame na mchanga vimewaleta watafiti kutoka mbali. SASOL, shirika la Kitui, limejenga na wanakijiji mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Bwawa la mchanga ni ukuta unaokinga mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii, kiasi kwamba wakati wa kiangazi watu huchimba kidogo tu wakateka. Wanafunzi wa Uholanzi wamekuja hadi huku kuyapima maji hayo, wakarudi kwao na shahada. Na mwenyeji wa hapo hapo, aliyeteka maji hayo tangu utotoni, utamkuta anaandika kuhusu benki za Nairobi kwa sababu mada hiyo ilionekana ya kisomi.

Kama bado hujachagua mada, jiulize nani angelipa kuyajua majibu yako. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya hali ya ukame ya kaunti kila mwezi. Ina haja ya watu wanaoelewa bei ya mbuzi sokoni na umbali wa kwenda kisimani. Kiwanda cha matunda cha Kalamba, Makueni, kinasindika embe, na embe zina wadudu, misimu na wakulima wanaolalamikia bei. Kiwanda cha nguo cha Kitui, KICOTEC, kinashona sare, na shughuli hiyo ina maswali ya soko na ya uendeshaji. Ndengu, asali ya Mwingi, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ithookwe, barabara mpya ya Kibwezi: kila kimoja kina ofisi, na kila ofisi ina mtu ambaye utamhoji. Mtu uliyemhoji kwa adabu, ukamrudishia muhtasari wa kurasa mbili wa ulichogundua, anakukumbuka kuliko rundo la barua za maombi. Muhtasari huo mara nyingi hauandikwi, ilhali ungeweza kuandikwa kwa jioni moja.

Barua iliyoahidi kazi

Anayedhani shida hii imeanza na kizazi chake asome maisha ya Wangari Maathai. Januari 1966 alirudi Nairobi akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na barua ya profesa wa zoolojia wa chuo kikuu cha Nairobi ikimwahidi kazi ya msaidizi wa utafiti. Aliporipoti, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliuona ukabila ndani yake, na kuwa kwake mwanamke hakukumsaidia.

Alizunguka kutafuta. Aliyemchukua hatimaye ni Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo chuoni hapo. Kilichomfungulia mlango ni ufundi aliojifunza Pittsburgh: kuandaa tishu za viumbe na kuzichunguza kwa hadubini. Idara mpya ilihitaji mikono inayojua hilo. Mwaka 1971 akapata uzamifu, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na Kati kufika hapo.

Mambo mawili ya kuchukua humo ni ya kazi tu, hayana utukufu. Barua ya ahadi si mkataba, hata iwe na mhuri. Endelea kuomba hadi siku utakayotia sahihi. Na katika wasifu wako, chini ya jina la shahada, andika unachoweza kufanya kwa mikono: programu ya takwimu unayoimudu, vipimo vya udongo, kuendesha mahojiano ya vikundi kwa Kikamba na Kiswahili.

Lini usimame, lini usonge

Kwa wanaotaka jibu la moja kwa moja, langu ni hili. Kama data iko mezani na kinachobaki ni kuandika, maliza, hata kwa kukopa kidogo kwa ndugu, kwa sababu data huchacha: msimamizi huhama, chuo hubadili kanuni, nawe unasahau mkulima wa tatu alisema nini. Kama bado uko kwenye pendekezo na kazi ya kweli yenye mkataba imejitokeza, ichukue, na uahirishe masomo rasmi kwa barua. Barua hiyo ni muhimu. Aliyeahirisha hurudi; aliyetoweka tu hukuta usajili wake umekwisha na karo imelimbikizwa.

Weka pia mpaka kwa familia, na uutaje kwa sauti. Mama akipiga simu kuuliza, "Mwanangu, hicho kitabu kitaisha lini?" usimwambie "karibuni". Mwambie, "Mama, nikifika Agosti sijawasilisha, nitarudi nyumbani tuketi na baba tuzungumze." Wazazi huvumilia tarehe kuliko ukungu, na wewe mwenyewe utashangaa jinsi tarehe iliyotajwa mbele ya mama inavyoamsha mtu alfajiri.

Kuna pia wanaokimbilia uzamifu kwa sababu kazi haikupatikana baada ya uzamili. Kanuni za 2014 zilifanya uzamifu kuwa sharti la kuwa mhadhiri, na hiyo imewavuta wengi waliodhani mlango uko wazi upande wa pili. Kabla ya kulipa ada ya maombi, nenda idara unayotaka kufundisha, kunywa chai na karani wake, na uulize mambo matatu: wahadhiri wangapi wa mkataba wa muda wanangoja kuajiriwa hapo, lini idara iliajiri mtu wa kudumu mara ya mwisho, na nani anastaafu katika miaka mitano ijayo.